Mgonjwa wa TB kwenye jumuiya yenu: mpokeeni hivi

Naongoza jumuiya ndogo ndogo hapa Pasua, Moshi. Kilichonifundisha mambo haya ni kikombe. Tulisali kwa jirani, chai ikaletwa, wote tukapewa vikombe vya udongo, ila kaka mmoja aliyekuwa kwenye dawa za TB akapewa cha plastiki, chekundu. Alikitazama, akakisukuma chini ya kiti. Wiki iliyofuata hakuja.

Kwa hiyo anzeni na kikombe. TB haiambukizwi kwa vyombo wala kwa kupeana mikono ya amani. Inasafiri kwa hewa mtu akikohoa. Mpe kikombe kama cha wengine, mkononi, watu wakiona. Mnachotakiwa kuangalia ni hewa: fungueni madirisha, au tandikeni mikeka nje migombani. Wengi wakimeza dawa vizuri kwa wiki kama mbili hawaambukizi tena, lakini siku ya kurudi kukaa na watu aipange na daktari wake. Wazee wetu wanaogopa kwa sababu wanaikumbuka Kibong'oto ya zamani, hospitali iliyoanza kupokea wagonjwa wa kifua mwaka 1926. Waelezeni taratibu, msiwakaripie.

Kwenye nia za sala, usitaje ugonjwa wake kabla hujamuuliza. Mimi nilitaja. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeshaongeza na UKIMWI. Akikataa, ombeeni wagonjwa wote, inatosha.

Na tafadhali, asitokee mtu wa kumwambia ameshaponywa aache vidonge. TB ya kawaida hutibiwa miezi 6. Kikohozi hukata mapema, mtu akaona amepona, akaacha, ugonjwa ukarudi na usugu. Teueni mmoja wa kumpigia simu kila asubuhi: "Umeshameza?" Mwambieni pia mkojo ukiwa mwekundu asishtuke, ni rangi ya dawa. Dawa ni bure, ila nauli na chakula si bure. Sisi tulichanga maziwa na mayai. Watoto wa nyumbani kwake wapelekwe kupimwa.

La mwisho, zamu ya kusali nyumbani kwake msiiruke. Sisi tulikwenda Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, watu kumi na wanne. Mama yake alikuwa ameazima vikombe kwa jirani, vyote vya udongo. Kaka mwenyewe ndiye aliyetumiminia chai.