Kabla ya Kulipia Sekondari ya Binafsi Marekani kwa Matumaini ya Chuo Kikuu cha Hadhi

Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi Marekani hujiuliza swali hili mtoto anapofika darasa la saba au la nane: je, tukijibana tukalipa ada ya sekondari ya binafsi, atapata nafasi Harvard, Yale au Stanford kwa urahisi zaidi? Ada yenyewe si ya mchezo. Shule za kutwa za New York kama Dalton, Trinity na Horace Mann hutoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, na miaka minne ya namna hiyo inaweza kumaliza akiba yote ya familia kabla mtoto hajakanyaga chuoni. Naandika mwongozo huu ili mzazi alipime jambo hili kabla ya kutia sahihi mkataba wa shule. Msimamo wangu nautangaza mapema: shule ya binafsi inaweza kusaidia, lakini kwa njia chache zinazojulikana, na familia isiyoweza kuzitumia njia hizo inalipia jina.

Jambo la kwanza ni kuacha vipimo tulivyokuja navyo. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa likitangaza shule kumi bora za Kidato cha Nne, mpaka lilipoacha utaratibu huo mwaka 2023, na orodha hizo kwa kawaida zilitawaliwa na shule za binafsi na za dini. Udahili wa chuo nao ulifuata matokeo, kwa hiyo shule iliyomfaulisha mtoto ilikuwa imemaliza kazi. Marekani hakuna mtihani mmoja wa taifa unaoamua. Maofisa wa udahili husoma faili zima, yaani alama za miaka minne, uzito wa masomo aliyochagua, barua za walimu, insha, shughuli za nje ya darasa, na pale zinapotakiwa, alama za SAT au ACT, mitihani ya kupima utayari wa chuo, ambazo chuo cha MIT kilirudi kuzidai mwaka 2022, nazo Yale, Dartmouth, Brown na Harvard zikafuata mwaka 2024. Kila faili husomwa kwa kulinganishwa na nafasi alizokuwa nazo mwanafunzi katika shule yake. Ndiyo maana mtoto wa shule ya kawaida ya umma aliyemaliza masomo yote magumu yaliyokuwapo haadhibiwi kwa kukosa masomo ambayo shule yake haifundishi.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote: kusoma kwa makini orodha ya vyuo walikokwenda wahitimu. Kila shule ya binafsi yenye sifa huitoa orodha hiyo siku ya wageni, na huchapishwa kwa namna inayovutia macho. Tuseme shule ina wahitimu 100 kila mwaka, na kwamba katika miaka mitano 75 kati yao walikwenda kwenye vyuo 12 ambavyo watafiti huviweka kundi moja, yaani vyuo 8 vya Ivy League, kundi la vyuo vya binafsi vya hadhi kama Harvard na Yale, pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Hao ni 15 kwa mwaka, na mzazi akisikia hivyo huona mtoto wake tayari yumo. Hapo muulize mwenyeji wako, kwa heshima lakini bila kuona haya: kati ya hao 15, wangapi wazazi wao walisoma vyuo hivyo hivyo? Wangapi walichukuliwa na makocha kwa ajili ya makasia, skwoshi au mchezo wa vitara? Wangapi ni watoto wa maprofesa au wa wafadhili wakubwa? Ikiwa 9 wanatoka katika makundi hayo, basi mtoto wako asiye na uhusiano wowote anashindania nafasi 6, na anazishindania na wanafunzi waliochujwa kwa mtihani wa kuingia kama SSAT au ISEE, ambao wengi wao wangeng'ara popote walipo. Shule inayokataa kabisa kujibu, hata kwa makadirio yasiyotaja jina la mtu, inakutaka uamini orodha bila kuijua.

Utafiti unaunga mkono tahadhari hiyo. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba, miongoni mwa watoto wenye alama sawa za SAT au ACT, wanaotoka katika asilimia 1 ya familia tajiri zaidi wana uwezekano unaozidi mara mbili ule wa watoto wa tabaka la kati wa kuingia katika vyuo hivyo 12. Walitaja visababishi vitatu katika udahili: upendeleo kwa watoto wa wahitimu, usajili wa wanamichezo, na alama zinazotolewa kwa mambo yasiyo ya darasani, ambazo huwa juu zaidi kwa wanafunzi wa shule za binafsi zisizo za dini. Hiki cha tatu ndicho sekondari ya binafsi inachoweza kukigusa moja kwa moja kwa mtoto asiye mwanamichezo na asiye na mzazi mhitimu. Inafaa pia kujua kwamba katika vyuo vikuu vikuu vya umma vya majimbo, watafiti hao hawakuukuta upendeleo huo wa kipato.

Kuhusu ufundishaji wenyewe, Robert Pianta na Arya Ansari wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 na mwaka 2018 wakaripoti kwamba ubora wa wale wa shule za binafsi wakiwa na umri wa miaka 15 ulitoweka pale kipato cha familia kilipozingatiwa. Shule za umma za mchujo za Boston na New York nazo zimechunguzwa kwa kuwalinganisha waliovuka mstari wa kuingia kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache, na matokeo yao ya baadaye hayakutofautiana kwa kiasi cha kujivunia.

Je, msaada wa kweli uko wapi? Uko kwa mshauri wa wanafunzi. Chama cha taaluma hiyo nchini Marekani kinapendekeza wanafunzi 250 kwa mshauri mmoja, ilhali wastani wa shule za umma kitaifa umekuwa karibu 380, na mtu huyo huyo hushughulikia ratiba, utoro na matatizo ya nyumbani. Katika shule za binafsi zenye uwezo, mshauri wa vyuo hana kazi nyingine, na huwahudumia wanafunzi wachache mno kiasi kwamba barua yake humweleza mtoto kama anavyomweleza mtu anayemfahamu. Kwa hiyo uliza mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi, anaanza kukutana nao darasa la ngapi, na kama atamsaidia mzazi ambaye hakusoma Marekani kujaza fomu za fedha. Majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko ukubwa wa maktaba.

Pima pia nafasi ambayo mtoto wako atashika darasani. Sheria ya Texas iliyotungwa mwaka 1997 huwapa wanafunzi wa asilimia 10 ya juu ya kila shule nafasi katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, kinachoelemewa na waombaji, kimeibana asilimia hiyo hadi 6 na sasa 5. Mtoto atakayekuwa wa tano katika shule ya umma ya Houston, lakini wa arobaini katika shule ya binafsi ya gharama, anaweza kuipoteza kabisa nafasi hiyo ya uhakika. Mzazi wa Texas asiipite aya hii haraka.

Kuhusu fedha, usiitazame ada iliyotangazwa peke yake, tazama utakacholipa baada ya msaada. Phillips Academy ya Andover na Phillips Exeter hupokea wanafunzi bila kuangalia uwezo wa familia kulipa, na tangu mwaka 2007 Exeter ilipoamua kutozitoza familia za kipato cha chini, watoto wa wafanyakazi wa kawaida wamesoma huko bure. Shule za bweni za aina hiyo kwa kawaida hufunga maombi katikati ya Januari na kutoa majibu tarehe 10 Machi, kwa hiyo mtihani wa SSAT hufanywa majira ya vuli yaliyotangulia. Mtoto akipata ufadhili kamili, mpeleke. Ikiwa utalazimika kukopa, nashauri kwa uzito wote usikope, kwa sababu chuo chenyewe kinaweza kuwa nafuu kuliko sekondari: kuanzia mwaka wa masomo wa 2025–26 Harvard haitozi ada ya masomo kwa familia zenye kipato cha hadi dola 200,000 na mali za kawaida.

Mtoto akibaki shule ya umma, lengo ni kumjengea kile ambacho wenzake wanakinunua. Mchagulie masomo magumu kuanzia darasa la tisa, hasa hisabati, na ulizia kozi za chuo cha jumuiya, yaani chuo cha umma cha miaka miwili kilicho karibu, anazoweza kusoma angali sekondari. Familia yenye kipato kidogo, kwa kawaida chini ya dola 65,000 kwa watu wanne, iangalie QuestBridge, mpango unaowaunganisha wanafunzi hodari na vyuo vya hadhi kwa ufadhili wa miaka yote minne. Maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba ya darasa la kumi na mbili, wakati wengi hawajaanza hata insha. Miezi michache kabla ya hapo, mwisho wa darasa la kumi na moja, omba miadi na mshauri na umpelekee ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri: lugha anazozungumza mtoto, wadogo zake anaowalea wazazi wakiwa zamu ya usiku, kazi anayofanya wikendi, kwaya au madrasa anakofundisha, na masomo aliyojisomea mwenyewe. Mshauri mwenye wanafunzi 380 hawezi kuyajua hayo asipoambiwa, na barua atakayoiandika itatokana na alicho nacho mezani.