Kabla hujaikata Wyoming, Marekani, kwa lori kwenye barabara kuu ya I-80

Jaza tanki mapema, usingoje taa iwake. Beba blanketi, maji, koleo na kitu cha kutafuna. Dizeli huganda, kwa hiyo dawa yake itie kabla, si baada ya gari kuzima. Minyororo ya matairi jifunze kuifunga nyumbani, vidole vikiwa bado na joto. Na saa za ramani ya simu usiziamini: I-80 inatoka San Francisco hadi Teaneck, New Jersey, kilomita 4,600 na ushei, na simu inazihesabu zote kana kwamba duniani hakuna upepo.

Sasa nisikilize kuhusu kipande cha kati ya Laramie na Walcott Junction. Barabara ya zamani, US 30, ilizunguka kaskazini kupitia Rock River na Medicine Bow, sambamba na reli. Ilipokuja sheria ya Rais Eisenhower ya 1956 na barabara zake kuu, wahandisi wakaona mzunguko wote ule wa nini. Wakapita mkato miguuni pa mlima Elk Mountain, wakaokoa kilomita 30 hivi. Wenyeji waliwakanya, wakapuuzwa. Kipande kilifunguliwa Oktoba 3, 1970, na wiki haikwisha dhoruba ikakifunga. Zile kuta za mbao utakazoziona zimesimama peke yake porini ni za kuzuia theluji. Zilianza kujengwa 1971.

Mimi hayo sikuyajua. Natoka Salt Lake City na trela tupu, ofisini wananipigia kila saa. Pale Rawlins, mji ulio kabla ya kipande hicho, kibao cha taa kinasema matrela mepesi yasipite. Nikajisemea, gari hili hata tupu lina tani 15, wepesi uko wapi? Karibu na Arlington theluji ilikuwa haianguki, inakimbia chinichini kukatiza lami kama unga unaofagiwa. Kutupa jicho kioo cha kulia, magurudumu ya nyuma ya trela yameachana na barabara. Si sana, kiasi cha kiganja. Yakarudi kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno. Mwendo mfupi mbele, mwenzangu alikuwa ameshalazwa ubavu kwenye nyasi za katikati, matairi bado yanazunguka.

Kwa hiyo ukiwa na trela tupu, piga kwanza 511, namba ya simu ya hali ya barabara. Wakitaja upepo, lala Rawlins. Anayekuhimiza kwa simu amekaa kwenye kiti cha ofisi, hapeperushwi.

Mengine ni ya kawaida: madaraja huganda kabla ya barabara, greda la theluji usilipite, kilele cha Sherman Summit kina mita 2,633 na mteremko wa kuingia Laramie unataka gia ndogo. Ukisimama pale juu kupiga picha ile sanamu ya kichwa kikubwa cha Rais Lincoln, fungua mlango kwa mikono miwili. Wangu uling'oka bawaba.