Kabla ya Kuiamini Baiskeli ya Gia kwa Safari za Kando ya Ziwa

Waendesha baiskeli wa Mwanza wakikutana, iwe Igoma au Nyegezi, swali la kwanza huwa ni lile lile: hiyo yako ina gia ngapi? Mwenye 21 hujibu kwa sauti, mwenye 7 huanza kujieleza, na mwenye Phoenix ya gia moja hunyamaza, ingawa ndiye aliyetoka Kisesa alfajiri na gunia la mkaa kwenye keria. Swali hilo halimsaidii mtu anayejiandaa kwa safari. Yapo mengine ya kuuliza kabla hujanunua baiskeli ya gia au hujaitoa nje ya mji, na mengi kati ya hayo utayajibu mwenyewe ukichuchumaa kando ya baiskeli kwa dakika chache.

Hesabu meno kwanza. Baiskeli ya gia 21 ina sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo, 3 mbele na 7 nyuma, lakini usidhani kwamba umepewa mwendo wa aina 21. Chukua mfano wa baiskeli yenye meno 28, 38 na 48 mbele, na nyuma kuanzia 14 hadi 28. Ukiweka 48 mbele na 24 nyuma, gurudumu huzunguka mara 2 kwa kila mzunguko wa pedali; ukiweka 28 mbele na 14 nyuma, huzunguka mara 2 vilevile. Gia kadhaa hurudia kazi iliyokwisha kufanywa na nyingine. Inayokuhusu hasa ni ile nyepesi kuliko zote, na unaipata kwa kugawanya meno ya sproketi ndogo ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma. Katika mfano huu ni 28 kwa 28, yaani 1, na kwa gurudumu la inchi 26 kila mzunguko wa pedali unakusogeza mita 2 hivi. Baiskeli ya gia moja yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, juu ya gurudumu la inchi 28, inakudai uisogeze zaidi ya mita 5 kwa mzunguko ule ule, na ndiyo sababu mwenye nayo hushuka na kuikokota akifika mlima wa Bugando. Kama unaishi Isamilo au unataka kubeba mzigo, usinunue baiskeli ambayo jibu la mgawanyo huo linazidi 1. Kama safari zako ni za Kirumba hadi Pasiansi na kurudi, gia 7 zinakutosha, na fedha iliyobaki nunulia tairi nzuri.

Breki zikague zote mbili, kwa kuisukuma baiskeli huku umezibana, si kwa kuzitazama. Tairi likionyesha nyuzi, libadilishe. Pampu, viraka, gundi na tyubu moja ya akiba ni vitu vya lazima, wala sitavieleza zaidi.

Mnyororo unahitaji maelezo kidogo, kwa sababu wauzaji wengi wa baiskeli za mtumba huusafisha ukang'aa na mnunuzi akaridhika. Mnyororo uliochakaa haujulikani kwa kutu bali kwa urefu. Chukua futi kamba, weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu hadi pini ya 24 baada ya hiyo. Mnyororo mpya utakupa inchi 12 kamili. Ukikuta umezidi kwa kiasi cha robo tatu ya asilimia, yaani zaidi kidogo ya milimita 2, ununulie mwenzake mpya kabla haujaharibu meno. Ukikuta umezidi kwa milimita 3 na ushee, basi mara nyingi sproketi za nyuma nazo zimekwisha, na mnyororo mpya utakuwa unaruka juu yake kila ukikanyaga kwa nguvu. Hapo bei ya baiskeli ijadiliwe upya. Kumbuka pia kwamba minyororo hailingani unene: wa gia moja ni mpana na hautapita vizuri kwenye sproketi 7 zilizobanana, na wa baiskeli yenye sproketi 9 au 10 nyuma ni mwembamba zaidi ya ule wa sproketi 7. Muuzaji akikuambia kwamba mnyororo ni mnyororo tu, mshukuru na uende duka la jirani. Kuhusu mafuta, acha kabisa kupaka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari, kwa sababu inashika mchanga na kugeuka tupa inayokata pini polepole. Mafuta mepesi kidogo, kisha kufuta kwa kitambaa, yanatosha.

Uliza pia jinsi sproketi za nyuma zilivyofungwa. Kwenye baiskeli nyingi zenye sproketi 6 au 7 nyuma, rundo zima la sproketi limefungwa kwa uzi wa skrubu juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na linafunguliwa kama kifuniko kikubwa. Kwenye baiskeli nyingi zenye sproketi 8 na kuendelea nyuma, sproketi huchomekwa kwenye mifereji ya habu na kubanwa na ringi. Kila aina ina kifunguo chake, na kuna miundo kadhaa ya vifunguo hivyo. Usikubali fundi aanze kugonga kwa patasi. Kama kifunguo cha baiskeli yako hakipo kwa fundi unayemtegemea, kinunue mapema kikae nyumbani, maana spoki ikikatika upande wa gia huwezi kuingiza nyingine bila kuziondoa sproketi hizo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote, na ambalo karibu kila mtu hulipuuza. Nyuma ya baiskeli ya gia kuna mkono unaoning'inia wenye vigurudumu viwili vidogo, ambao husogeza mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine. Mkono huo haukufungwa moja kwa moja kwenye fremu. Kwenye baiskeli nyingi za alumini umeshikiliwa na kishikio, kipande kidogo cha alumini laini, kikubwa kidogo kuliko kidole gumba, ambacho kimetengenezwa kwa makusudi kipinde au kikatike ili fremu isalimike. Wazo hilo ni zuri, ila vipande hivyo vina maumbo mengi mno, tundu za skrubu zake hazilingani, na cha kampuni moja hakiingii kwenye fremu ya nyingine.

Rafiki yangu mmoja wa Nyakato alikuwa na baiskeli safi ya alumini ya mtumba, gia 24, iliyotamaniwa na kila mtu, nami nikiwemo. Tulipanda meli ya kwenda Nansio tukitaka kuizunguka Ukerewe taratibu. Wapagazi walizilaza baiskeli juu ya sitaha, yake ikiwa upande wa gia chini, na kabla meli haijang'oa nanga kulikuwa na magunia juu yake. Tuliposhuka aliizungusha pedali, gia zikabadilika bila kelele, akapanda na tukaondoka. Kwenye barabara ya tambarare hakukuwa na dalili yoyote. Kishikio kilikuwa kimepinda kuelekea ndani kwa kiasi kidogo tu, na kwa kuwa kwenye tambarare hutumii sproketi kubwa kuliko zote, mkono wa gia haukuwa na sababu ya kukaribia spoki.

Sababu ilipatikana kwenye mlima. Alibonyeza gia nyepesi ya mwisho huku amesimama juu ya pedali na begi lake mgongoni, mkono ukaingia kwenye spoki, na gurudumu likauchukua na kuuzungusha juu hadi ukagonga fremu. Mlio wake haukuwa mkubwa. Nilipomfikia, kishikio kilikuwa vipande viwili, spoki kadhaa zimekatika, waya wa gia umefumuka, na vigurudumu vile vidogo vimetazama angani. Hakuumia kwa sababu alikuwa anakwenda polepole. Jambo hilo hilo likimpata mtu mwenye kasi, gurudumu la nyuma hujifunga ghafla.

Fundi tuliyeelekezwa alikuwa mzee ambaye karakana yake ilikuwa kivuli cha mti na ndoo moja ya vifaa. Tukamwamkia, akaitikia, akageuza kile kipande mkononi na kumwuliza rafiki yangu, "Mwanangu, na mwenziwe umekuja naye?" Hakuwa naye. Mzee akatoa nyundo na msumari ulionyooshwa ncha, akaukata mnyororo, akauondoa mkono wa gia wote, kisha akaupitisha mnyororo kwenye sproketi ya katikati mbele na moja ya katikati nyuma, akaufupisha na kuuunga. Baiskeli ya gia 24 ikawa ya gia moja. Hata hivyo kazi haikuwa rahisi kama ilivyo kwa Phoenix, ambako unalivuta gurudumu nyuma hadi mnyororo unakaza, kwa kuwa fremu hiyo ilikuwa na nafasi za ekseli zinazotazama chini, gurudumu haliwezi kusogea mbele wala nyuma. Ilibidi ajaribu sproketi moja baada ya nyingine hadi apate ambayo mnyororo haulegei sana na umenyooka, maana ukikaa upande hupanda wenyewe kwenye sproketi kubwa na kukaza hadi kukatika.

Tuliporudi mjini ndipo taabu yenyewe ilipoanza. Duka hadi duka, hakukuwa na kishikio kilicholingana. Fundi mmoja alipendekeza kukiunga kwa welding ya kawaida, ambayo haishiki alumini, na bahati nzuri rafiki yangu alikataa. Kipande kilipatikana Dar es Salaam baada ya majuma mengi ya kutuma picha na vipimo, na muda wote huo baiskeli iliyotamaniwa ilikuwa inakokotwa kupanda mlima kama nyingine yoyote.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kununua. Chungulia mahali mkono wa gia ulipofungwa. Ikiwa fremu ni ya chuma cha kawaida na kishikio ni sehemu ya fremu hiyo, kikipinda kitanyooshwa kwa spana kubwa na fundi mwenye utulivu. Ikiwa ni bamba la chuma linalobanwa na nati ya ekseli, kama ilivyo kwa baiskeli nyingi za bei nafuu, bamba jingine si shida kulipata. Ikiwa ni kipande cha alumini kilichofungwa kwa skrubu, tafuta cha akiba kabla hujalipa, na kisipopatikana, hiyo baiskeli iwe ya mjini. Na kabla ya kila safari simama nyuma ya baiskeli, inama hadi jicho liwe usawa wa ekseli, weka mnyororo katikati, na utazame vile vigurudumu viwili: cha chini kinapaswa kujificha nyuma ya cha juu, vyote vikiwa wima chini ya sproketi. Cha chini kikiegemea upande wa spoki, kishikio kimepinda; usiguse skrubu zenye herufi H na L, zile zinazouwekea mkono wa gia mipaka, ukidhani unarekebisha, kwa sababu skrubu hizo ziliwekwa kwa kishikio kilichonyooka.

Urefu wa mnyororo nao una hatari ya jamii hiyo hiyo. Aliyebadilisha sproketi za nyuma akaweka zenye meno 34 ili apate wepesi, lakini akaacha mnyororo wa zamani, ajaribu kwanza sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma akiwa ameiinua baiskeli, kwa mkono na taratibu. Mnyororo ukinyooka kama kamba ya nanga, ni mfupi, na siku atakapoweka gia hiyo barabarani kwa kusahau atang'oa mkono mzima.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, hivyo anayerudi mjini alasiri kutoka Magu aweke akiba ya nguvu. Kwenye daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa 2025 na lenye urefu wa kilomita 3 hivi, hakuna kivuli wala kizuizi cha upepo wa ubavuni. Usioshee baiskeli ziwani: maji yanaingia kwenye bearing, na miguu yako ndani ya maji ya pembeni inakaribisha kichocho. Mabasi ya barabara ya Musoma hayakupishi, kwa hiyo shika ukingo, vaa nguo inayoonekana, na jua likizama saa 1 jioni hivi uwe umefika au umepata mahali pa kulala. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyodhani, na mtu mmoja nyumbani ajue umepita njia ya Usagara au ya Kisesa.