Jinsi ya kuomba viza ya Ufaransa kwa safari fupi ya Disemba Paris, na pale utakapokwama

Hii ni kwa yule anayetaka kwenda Paris wiki moja hivi mwezi wa kumi na mbili, aone taa za barabara ya Champs-Élysées, apige picha na mnara wa Eiffel, arudi kazini. Viza unayoomba ni ya Schengen (kundi la nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja) ya muda mfupi, ile daraja C, ambayo mwisho wake ni siku 90 ndani ya siku 180 kwenye nchi hizo zote, ila wewe utapewa kulingana na safari yako. Mambo ya jina na tarehe ya kuzaliwa siyaelezi, kila mtu hapa ameshajaza fomu za serikali. Nitakaa kwenye apointimenti na kwenye viambatanisho, maana hapo ndipo muda na hela vinapopotelea.

Anza na kalenda kabla hata hujaangalia nauli. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, kwahiyo ukisafiri tarehe 20 Disemba mlango unafunguka tarehe 20 Juni. Sasa watu wakiona hiyo siku 15 wanajiachia, wanasema Novemba bado mapema. Wee! Hizo siku 15 ni muda wa kawaida wa ubalozi kufanyia kazi faili lako, wakitaka wanaenda mpaka 45, na zinahesabiwa tangu karatasi zako zilipopokelewa, sio tangu ulipojaza fomu umekaa kitandani. Na ili zipokelewe lazima uwe na apointimenti. Kanuni zao wenyewe za viza zinasema kwa kawaida mwombaji apate miadi ndani ya wiki mbili tangu aombe. Niliposoma hiyo nilicheka mwenyewe, kwa sababu wakati huo kalenda yangu ya apointimenti ilikuwa ya kijivu toka juu mpaka chini, yaani siku zote zimejaa.

Fomu inajazwa kwenye tovuti ya serikali yao, France-Visas, bure. Unafungua akaunti, unajaza, unaseivu, mwisho inakupa namba ya maombi inayoanza na FRA pamoja na orodha ya viambatanisho kulingana na ulivyojibu (mwajiriwa, mfanyabiashara, mwanafunzi, mtoto). Iprinti hiyo orodha na uifuate kwa mpangilio uleule, dirishani wanaikagua hivyohivyo kutoka juu kwenda chini na wakikuta umechanganya wanakuangalia kama umewakosea adabu. Fomu yenyewe printi, weka sahihi kila palipoandikwa sahihi.

Ukishapata namba ya FRA ndio unaenda kwenye tovuti ya kile kituo cha viza kinachopokea maombi kwa niaba ya ubalozi. Hapa elewa jambo moja: kituo ni kampuni tu, kazi yao ni kukusanya karatasi, alama za vidole na hela. Anayeamua ni ubalozi. Kwahiyo yule dada wa dirishani akikwambia "hii itapita" au "hii haitapita" mshukuru, usimwamini sana, na usimgombeze pia.

Apointimenti sasa. Kuanzia Septemba watu wa likizo ya Krismasi wote wanaingia kwa pamoja na kalenda inajaa. Siku zenye nafasi zinaonekana kwa rangi, zilizojaa ni kijivu, na ukifungua ukakuta zote kijivu usifunge ukakata tamaa, kuna watu kila siku wanahairisha na nafasi zao zinarudi. Mimi nilikuwa nafungua asubuhi kabla ya kazi na usiku kabla ya kulala, na iliyopatikana ilitokea katikati ya wiki saa za kazi, wakati hakuna anayetegemea. Ukiiona bonyeza palepale, usianze kumpigia mwenzio kuuliza siku hiyo ana nafasi au vipi, ukirudi itakuwa imeondoka. Halafu angalia sikukuu, maana ubalozi una sikukuu zao na za nchi uliyopo, na tarehe 1 na 11 Novemba Wafaransa wanapumzika, yaani katikati kabisa ya msimu wa wewe kuhangaika.

Kuna madalali watakaokuambia wana nafasi mkononi. Apointimenti inafungwa kwa namba ya pasi yako na namba ya maombi, kwahiyo kama anadai ameshaikamata kwa jina la mtu mwingine atakubadilishia, muulize ataibadilishaje. Utasikia kimya. Wengine wao wanachofanya ni kukaa wanarifreshi ukurasa uleule unaouona wewe bure.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, watoto wa miaka 6 mpaka 11 ni 45, chini ya miaka 6 hawalipi. Juu yake kuna ada ya huduma ya kituo, inalipwa kivyake. Ukinyimwa viza hairudi hata senti. Halafu wakati wa kubuku utapitishwa kwenye ukurasa wa nyongeza, ujumbe wa simu wa kukujulisha pasi imefika wapi, chumba cha wateja maalumu chenye kiti laini, pasi kuletwa nyumbani, na vingine vinakaa pale kwa namna ambayo usipokuwa makini unavichukua. Hakuna hata kimoja kinachosogeza faili lako mbele. Kiti laini hakiongezi nafasi ya kupata viza.

Viambatanisho. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen, na kurasa mbili wazi. Picha milimita 35 kwa 45, isizidi miezi 6. Hayo yamepita.

Kinachoangusha watu ni tarehe kutokukubaliana. Ndege inasema hivi, hoteli inasema vile, bima inasema lake, barua ya kazini ina likizo inayoanza siku mbili baada ya ndege kuondoka. Chukua karatasi A4 moja uandike tarehe ya kutoka, ya kufika, ya kuondoka Paris na ya kufika nyumbani, halafu kila karatasi nyingine ipimwe na hiyo. Ndege za usiku ndio zina mtego, unaondoka tarehe 19 usiku unafika 20, unatoka Paris 27 usiku unafika 28. Bima lazima ifunike siku zote utakazokuwa ndani ya Schengen, kiwango kisichopungua euro 30,000, ikiwa na matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, na iandikwe wazi kwamba ni kwa nchi zote za Schengen, sio Ufaransa peke yake. Mimi niliikata ianze siku ya kutoka nyumbani na iishe siku ya kurudi, tofauti ya bei ni ndogo na hakuna wa kukuuliza maswali.

Tiketi usilipe kabla ya viza. Wanataka buking yenye tarehe na jina lako, basi. Hoteli chukua ile ya kukansel bure, ila hapa ndipo tulipopotezewa asubuhi nzima: buking ilikuwa ya watu wawili, imeandikwa wageni 2, jina ni la mmoja tu. Mhudumu akaizungushia kwa haileita ya njano, akairudisha, akasema kila mwombaji jina lake lionekane. Orodha haisemi hivyo popote. Tukatoka, tukaongeza jina kwenye akaunti ya hoteli kwa simu, tukaprinti hapohapo kituoni kwa bei ya kituo (hiyo bei ni msiba), tukapanga foleni upya. Kwahiyo kama mnasafiri wawili au familia hakikisha majina yote yameandikwa kwenye karatasi ya hoteli kama yalivyo kwenye pasi.

Hela sasa. Ufaransa wametaja viwango vyao hadharani: euro 65 kwa siku kama una hoteli, 120 kama huna, na 32.50 kama unafikia kwa mtu mwenye ile hati ya kumkaribisha mgeni, attestation d'accueil, ambayo mwenyeji wako anaiomba mwenyewe ofisi ya meya ya kwao na anatakiwa akutumie ile orijino. Kwa wiki moja yenye hoteli sio hela ya kutisha kama watu wanavyosimulia. Kinachowasumbua maafisa ni stetimenti ambayo miezi miwili imekauka halafu wiki ya kuomba viza ghafla kuna mzigo umeingia. Kama ndugu amekuchangia basi aandike barua na aambatanishe stetimenti yake, sio kukurushia hela iingie ikae siku tatu itoke. Mwajiriwa weka barua ya kazini yenye tarehe za likizo na kwamba utarudi kazini, mfanyabiashara weka usajili na karatasi za kodi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, weka cheti cha kuzaliwa na idhini ya mzazi anayebaki.

Ratiba ya matembezi watu wanaiona kama utani, wanakopi ya mtandaoni wanabadilisha tarehe. Sasa fikiria afisa anayeijua Paris anasoma "Jumanne: Louvre". Makumbusho ya Louvre Jumanne yamefungwa. Orsay na Versailles zinafungwa Jumatatu. Tarehe 25 Disemba makumbusho hayo yote matatu hayafunguliwi, na 1 Januari Louvre na Versailles zinafungwa pia, wakati mnara wa Eiffel uko wazi. Pompidou, makumbusho ya sanaa za kisasa, ipo kwenye ukarabati tangu 2025, itarudi 2030 kwa mpango wao, kwahiyo ukiiandika umejitangaza kwamba umekopi. Kanisa la Notre-Dame ndio limefunguliwa tena tangu Disemba 2024 na kuingia ni bure, iweke. Na usijaze sehemu nane kwa siku, Disemba jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na saa kumi na moja jioni limeshazama, hayo mambo ya kutembea bustani tatu kabla ya chakula cha mchana ni ya Julai. Za jioni weka taa, mnara unaometameta dakika tano kila saa ikianza kukiwa giza. Kwenye bajeti ya ratiba kumbuka Louvre tangu Januari 2026 ni euro 32 kwa wasiotoka Ulaya, blogu nyingi bado zina bei ya zamani.

Siku ya apointimenti fika mapema kidogo, sio masaa mawili kabla, utasimamishwa nje tu. Beba orijino na fotokopi ya kila kitu. Wanakupiga picha na kuchukua vidole kumi, vinahifadhiwa kwenye mfumo wao miezi 59, kwahiyo kama uliomba Schengen miaka mitatu nyuma unaweza usichukuliwe tena, ingawa mimi ningejiandaa kwenda mwenyewe tu. Pasi inabaki huko. Hili wengi hawalifikirii, kama una safari nyingine ya kazi Novemba hiyohiyo panga kabla, ukishaiachia kuiomba irudi katikati ni shughuli nyingine.

Baada ya hapo ni kusubiri. Ile programu ya kufuatilia itakuandikia "maombi yako yanashughulikiwa" siku nenda rudi, na kupiga simu kituoni utasomewa sentensi hiyohiyo kwa sauti nzuri.

Pasi ikirudi usitoke mlangoni kabla hujasoma stika ya viza iliyobandikwa ndani. Angalia jina, namba ya pasi, tarehe ya kuanza na kuisha, idadi ya kuingia na siku za kukaa. Tarehe za stika mara nyingi zina siku kadhaa za ziada, ila siku unazoruhusiwa kukaa ni zile za kwenye kisanduku chake, usichanganye. Ikiandikwa 01 ni kuingia mara moja. Kuna wale wanaopanga kupanda treni ya Eurostar waende London asubuhi warudi usiku: Uingereza haiko Schengen, inataka viza yake, na ukitoka na stika ya 01 hurudi Paris. Kama una wazo hilo liseme tangu kwenye fomu uombe ya kuingia zaidi ya mara moja na uonyeshe viza ya Uingereza.

Ukiunganisha ndege Amsterdam au Frankfurt, uhamiaji unafanyika huko na sio Paris, kwahiyo usiunganishe kwa dakika 50. Tangu Oktoba 2025 kuna mfumo mpya wa kusajili wanaoingia na kutoka, mara ya kwanza wanakupiga picha palepale na foleni inatambaa. Karatasi za hoteli, bima na tiketi ya kurudi weka kwenye begi la mkononi, afisa wa mpakani ana haki ya kuziomba hata kama una viza, na zikiwa kwenye sanduku lililoingia chini ya ndege hazikusaidii.

Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu zilizotiwa tiki. Mbili zinazotokea sana ni lengo la safari halikuthibitishwa, na mashaka kwamba utarudi kwenu. Rufaa ya Ufaransa inaenda mji wa Nantes kwa barua ndani ya siku 30, lakini kwa safari ya Disemba jibu linaweza kukukuta Disemba imeshapita. Wengi wanaomba upya. Hakuna muda wa kusubiri uliowekwa kati ya maombi, ila ada unalipa tena yote, kwahiyo soma kwanza hizo tiki na ubadilishe karatasi inayohusika. Faili lilelile likirudishwa vilevile, jibu litakuwa lilelile na euro 90 nyingine imeenda.