Kuwafundisha vijana kutunza mikoko nje ya darasa

Anayeongoza kikundi cha vijana wa miaka 13 hadi 18 katika kijiji cha pwani asianze na hotuba ndefu juu ya mabadiliko ya tabianchi. Aanze na ufuo wenyewe, na awakabidhi kazi ambayo matokeo yake watayahesabu kwa mikono yao.

Kwanza apate ridhaa ya wazazi na kibali cha mamlaka ya misitu, kwani mikoko ya Tanzania ni hifadhi ya serikali. Ratiba ifuate maji: wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hupwa mbali, na kikundi hupata saa za kutosha za kufanya kazi kwa usalama.

Siku ya kwanza iwe ya kutembea na kutazama tu. Mvuvi au mzee aujuaye ufuo awaonyeshe aina za mikoko: mlilana ulio mbele kabisa baharini, mkoko wenyewe unaofuata na mizizi yake ya matao, kisha mkandaa, na mchu unaostahimili chumvi nyingi upande wa nchi kavu. Waulizwe kwa nini miti hiyo imejitenga hivyo, na waachwe wabishane na kulichunguza tope kabla ya kupewa jibu. Somo hili lisiharakishwe, maana upandaji mwingi hufa kwa sababu mkoko umepandwa chini mno, mahali panapofunikwa na maji karibu siku nzima.

Wakati wa kupanda ukifika, waokote mbegu ndefu za mkoko zilizokomaa, ambazo hutambulika kwa pete ya manjano chini ya tunda, wazichomeke kiasi cha theluthi moja ya urefu wake, na waache kama mita moja kati ya mche na mche.

Kazi kubwa ya malezi huanza hapo. Kila kijana apewe kipande chake na daftari, arudi kila bamvua kuhesabu miche iliyo hai na kuandika kilichoiua mingine: kaa, mbuzi, mawimbi au takataka. Vijana walio wakubwa zaidi kikundini wapelekwe, ikiwezekana, hadi Gazi, Kwale, nchini Kenya, ambako wenyeji wa mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, na mapato husaidia maji na shule. Baada ya msimu, vijana wenyewe wasome hesabu zao mbele ya baraza la kijiji, na penye vifo vingi wapendekeze kama pafaa kupandwa tena au paachwe miche iote yenyewe.