Mashindano ya Juni: mvue mtoto nguo mbichi

Wenye watoto kwenye timu za kuogelea hapa Mbeya, hili nimelijua Jumamosi baada ya misimu miwili ya kuhangaika na mataulo: mtoto akitoka majini na mbio yake inayofuata bado iko mbali, usimfunike taulo juu ya nguo ya kuogelea mbichi. Mvue kabisa, mfute mpaka nywele, kisha soksi, sweta na kofia ya sufu, hata kama jua limetoka. Maji yanapokauka mwilini huondoka na joto, na upepo wetu wa Juni na Julai unayakausha upesi. Mtoto ana mwili mdogo, anapoa haraka kuliko wewe uliyekaa na koti. Akiitwa misuli imekaza, mikono haivuti maji. Dakika kumi kabla ya mbio avae nguo ya pili iliyo kavu (kumrudishia ile mbichi ni adhabu, inagandia mapajani haipandi), azungushe mabega, arukeruke. Soksi avue mwisho kabisa, maana ile saruji ya pembeni mwa bwawa asubuhi ni barafu.

Mbio zikipishana robo saa tu, haifai, mtashinda mnavua na kuvaa. Hapo mfute, mtupie sweta na kitenge kizito, atembeetembee. Na akitetemeka bila kukoma, midomo imebadilika rangi, achana na mbio: mpeleke ndani, mpe chai ya moto, mwambie kocha amtoe.