Manyuali kwenye foleni za Dar kila siku

Wengi wanakimbilia gari za otomatiki eti manyuali, ya kubadili gia kwa mkono, inachosha mguu, ila mara nyingi kinachochosha ni kukaa umekanyaga klachi muda wote. Kwenye foleni ya Morogoro Road ukisimama weka fri, yaani toa gia, kisha toa mguu kabisa. Na usigande kwenye bampa la mwenzio, acha nafasi ili foleni ikisogea uingize namba moja, uachie klachi taratibu gari litambae lenyewe, bodaboda watachomekea hapo ila waache tu.

Kuondoka ukiwa umesimama mlimani ndo watu wanapoogopa. Vuta hendibreki, namba moja, kanyaga mafuta kidogo huku unaachia klachi mpaka usikie injini inabadilika sauti na pua ya gari inataka kunyanyuka, hapo ndo shusha hendibreki. Usilishikilie gari kwa klachi jamani, pleti ya klachi inaungua, utasikia harufu kwanza, baadae injini inaunguruma tu gari haliendi.

Ukishabadili gia mguu ukae pembeni, sio juu ya klachi. Na mteremko mrefu kama Kitonga kule Iringa shuka na gia ndogo, fri hapana kabisa, breki zitachemka.